Je, elimu huonjwa? Kitenzi 'onja', hekima ya Warumi na kalamu nyekundu

Msimu wa maembe ukifika, soko la Marikiti mjini Machakos hugeuka darasa la semantiki hata kama wauzaji wenyewe hawalijui jina hilo. Majuzi mama mmoja alinikatia kipande cha embe kwa kisu, akaninyoshea akisema: "Kastoma, onja kwanza. Ukiona hakuna sukari hapo, wacha." Nilionja, nikanunua kumi.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani niliwaza kwamba kile kipande hakikuwa chakula. Hakikunipunguzia njaa hata kidogo. Kilikuwa habari. Kilinieleza yaliyomo katika ndoo nzima kabla sijatoa pesa. Nadhani tofauti ya kula na kuonja iko hapo: anayekula anataka kushiba, ilhali anayeonja anataka kujua.

Jioni hiyohiyo binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, aliniletea daftari lake la insha. Alikuwa amenuna. Kichwa cha insha kilikuwa 'Safari yangu ya elimu'. Msichana huyu aliingia Kidato cha Kwanza, akasoma muhula mmoja, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo na kukaa huko hadi mwaka uliofuata alipopata basari. Katika aya ya pili aliandika hivi: "Nilionja shule ya upili muhula mmoja, kisha sahani ikaondolewa mezani."

Mwalimu wake alikuwa ameupiga mstari mwekundu, na pembeni akaandika maneno mawili: "Shule hailiwi!"

"Sasa hiyo imekosa nini, mwalimu?" akaniuliza. Niliifundisha lugha hii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hapa mtaani jina la 'mwalimu' limeniganda. Nilimwambia aniachie daftari. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimeona afadhali nilijibu hadharani kwa kuwa swali lenyewe si la msichana mmoja.

Nianze na maana ya msingi. Kuonja ni kutia kitu kidogo mdomoni ili kukijua kilivyo: kama kina chumvi, kama kimeiva, kama kimechacha. Kutokana na kitenzi hiki tunapata onjesha, onjwa, onjea, mwonjaji na kionjo. Tunapata pia neno ambalo huwachekesha wanafunzi kila ninapowatajia: kionjamchuzi, yaani kile kishungi cha ndevu kilicho chini ya mdomo wa chini. Mwenye kishungi hicho akinywa mchuzi, ndevu huonja kabla yake. Na ndevu hazishibi. Hata katika mzaha huo wa lugha, maana ya udogo na utangulizi imebaki palepale.

Kutoka hapo kitenzi kimetembea mbali. Tunasema fulani ameonja maisha ya mjini, ameonja uongozi, ameonja taabu. Wanamuziki huzungumza juu ya vionjo vya wimbo, nao watangazaji wa filamu huita vionjo zile sehemu fupi zinazotangulia filamu nzima. Wahenga nao walisema kuwa mwonja asali haonji mara moja. Sisi tulio karibu na mizinga ya Kitui tunajua maana ya wazi ya methali hiyo, lakini kila anayeitumia anajua pia kwamba mara nyingi asali inayosemwa si ya nyuki. Kwa hivyo hoja kwamba kisicholiwa hakionjwi imeshindwa kabla hatujatoka nje ya Kiswahili.

Hata hivyo, ningependa tutoke nje kidogo, kwa kuwa huko kuna ushahidi ambao mwalimu yeyote wa sayansi katika shule ileile huutaja kila mwaka bila kujua. Wanafunzi wa biolojia hukariri kwamba jina la kisayansi la binadamu ni Homo sapiens. Jina hilo lilitolewa na Msweden Carl Linnaeus katika chapa ya 10 ya kitabu chake Systema Naturae, mwaka 1758. Vitabu vyetu hulifasiri kuwa 'mtu mwenye hekima', na tafsiri hiyo ni sahihi. Ila sapiens imetokana na kitenzi cha Kilatini sapere, na maana ya kwanza ya sapere haikuwa kuwa na hekima. Ilikuwa kuwa na ladha.

Warumi walikitumia kitenzi hiki kwanza juu ya chakula chenyewe: mvinyo huu una ladha fulani, samaki huyu ana ladha ya bahari. Kisha kikahamia kwa mlaji, kikawa na maana ya kuihisi ladha na kuibainisha. Mwishowe kikahamia akilini: mwenye kubainisha ladha akawa mwenye kubainisha mambo, yaani mwenye busara. Cicero aliuchezea uhusiano huo kwa kuandika kwamba mtu mwenye moyo unaobainisha si lazima awe na kaakaa lisilobainisha, akikitumia kitenzi hichohicho kwa moyo na kwa kaakaa. Karne nyingi baadaye Isidore wa Seville, katika kitabu chake cha asili za maneno, alieleza kwamba mwenye hekima ameitwa hivyo kutokana na ladha, kwa sababu jinsi ulimi unavyotenga vyakula ndivyo anavyotenga mambo na sababu zake.

Watoto wa Kilatini wameurithi ukoo huo. Kifaransa kina savoir, kujua, na saveur, ladha. Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo waliosoma shule za Kifaransa huyatumia maneno yote mawili. Wareno, waliotuachia meza na gereza hapa pwani, bado wana kitenzi kimoja, saber, chenye maana ya kujua na vilevile ya chakula kuwa na ladha fulani. Kwa Mreno, kujua somo na ladha ya samaki hupitia mlango mmoja.

Upande wa pili nao unalingana. Asiye na hekima waliitwa insipiens, na chakula kisicho na ladha kikaitwa insipidus. Maneno hayo mawili yana shina moja. Je, Kiswahili hakina mfano wake? Kinao. Tuna neno dufu. Mchuzi usio na chumvi wala viungo ni dufu, na mtu aliyepooza akili naye ni dufu. Hakuna Mrumi aliyetufundisha hilo.

Tena tunao usemi ambao kwa maoni yangu unaipita sapere yenyewe. Mzee aliyeishi miaka mingi na kuona mengi tunasema amekula chumvi nyingi. Ukiupima usemi huu utaona kwamba hatusemi amekula ugali mwingi, ingawa ni kweli, wala nyama nyingi. Tunachagua kitu ambacho huliwa kidogokidogo, ambacho hakimshibishi mtu, na ambacho kazi yake ni kutia ladha. Chumvi nyingi haiwezi kuliwa siku moja. Lazima iliwe kwa miaka. Kwa hivyo hekima ya mzee imepimwa kwa idadi ya maonjo. Mrumi alisema mwenye hekima ni mwenye kuonja; Mswahili akasema mwenye hekima ni aliyeonja kwa muda mrefu.

Kilatini kilikuwa na kitenzi kingine, gustare, ambacho ndicho hasa kinacholingana na onja yetu. Mlo rasmi wa Warumi ulianza na gustatio, vyakula vidogovidogo vya kufungulia hamu. Gustare kilikuwa na maana ya kuonja, na kwa njia ya sitiari, kupata kitu kidogo au kwa mara ya kwanza. Wataalamu wa lugha wanakiweka katika ukoo mmoja na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuchagua. Hilo halinishangazi. Yule mama wa Marikiti hakunikatia embe ili nifaidi. Alinikatia ili nichague.

Tukirudi nyumbani, Wakamba husema sama kwa maana ya kuonja, na jirani zao Wakikuyu husema cama. Ni wazi kwamba maneno hayo ni ndugu. Waarabu nao wana kitenzi dhaqa, ambacho kimetuachia dhuku, kitenzi kinachopatikana kamusini lakini kwa nadra sana midomoni. Ladha na tamu tulizipata kwao pia: ladha kutoka neno lenye maana ya raha na starehe, na tamu kutoka neno lenye maana ya ladha ya chakula kwa jumla. Ndiyo maana 'utamu' wetu haukomei kwenye sukari. Pilau ni tamu, hadithi ni tamu, usingizi ni tamu. Mtu atakayetaka kukifungia kionjo mdomoni itambidi kwanza aufungie utamu humohumo, halafu atueleze usingizi hutafunwa kwa meno gani.

Mpaka hapo nimemtetea msichana. Lakini haki haina jicho moja. Kuna watu wanaokitumia kitenzi hiki ovyo, na kama mwalimu wake angekuwa na hasira na hao, ningesimama upande wake.

Nawasema wenzangu wa magazetini na redioni. Timu inafungwa mabao sita kwa nunge, nasi tunaandika kwamba 'imeonja kichapo'. Imeonja? Aliyefungwa sita hakuonja. Amekula, ameshiba na nyingine amefungiwa abebe. Bao moja la dakika za mwisho, tena kwa timu ambayo haikuwa imeshindwa msimu mzima, hilo tungeweza kusema limeionjesha timu kichapo. Mshukiwa anahukumiwa miaka thelathini, mtangazaji anasema 'ataonja maisha ya jela'. Miaka thelathini si kuonja. Wiki mbili za rumande zingetosha kuitwa hivyo. Mwanasiasa aliyekaa bungeni vipindi vinne naye anasemwa kuwa 'ameonja madaraka'. Huyo tuseme ameyatafuna hadi mfupa.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana sitiari si ruhusa ya kusema lolote. Neno likitoka katika maana yake ya wazi kwenda ugenini, hubeba mizigo fulani kutoka nyumbani. Likiifika safari bila mizigo hiyo, limekuwa jina tupu. Kwa maoni yangu, onja hubeba mizigo mitatu.

Wa kwanza ni udogo. Kinachoonjwa ni sehemu, na sehemu hiyo huashiria kitu kizima ambacho bado hakijapatikana. Wa pili ni ujuzi. Anayeonja hupata habari ambayo hakuwa nayo, na ndiyo maana onja hukaa vizuri na jambo la mara ya kwanza kuliko jambo la kila siku. Aliyezaliwa na kukulia katika baridi ya Limuru hawezi kuambiwa ameonja baridi. Mgeni kutoka Lamu anaweza. Wa tatu ni nafsi. Naweza kukulipia chakula, naweza hata kukilia kwa niaba yako kama una shughuli, lakini siwezi kukuonjea kisha ladha ikaingia kinywani mwako. Nitakusimulia tu.

Msomaji makini ataniuliza: na kuonja mauti je? Mauti si kitu kidogo. Hakuna anayekufa kwa sampuli. Swali ni zuri, na usemi huo ni mkongwe. Umo katika Kurani Tukufu kwa kitenzi cha Kiarabu nilichokitaja. Umo katika Agano Jipya kwa Kigiriki, na Biblia ya Kilatini iliyohusishwa na Jerome, mtafsiri wa karne ya 4, ikautia katika gustare. Kiswahili kimeupokea kutoka misikitini na makanisani, ukawa wetu. Mzigo wa udogo umeanguka njiani, nakubali. Lakini angalia ile miwili mingine jinsi ilivyoongezeka uzito. Mauti ni jambo la mara ya kwanza kwa kila mtu, na ni jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kulionja kwa niaba yako. Usemi huo hauwezi kusimama bila kitenzi hiki. Jaribu kusema 'kila mtu atapata mauti'. Ni kweli, sarufi iko sawa, lakini maneno hayo hayamgusi mtu. Kwa hiyo kanuni yangu si kwamba mizigo yote mitatu lazima ifike kila safari; ni kwamba lazima ifike mingi, na ile inayofika iwe na kazi.

Ipo pia mipaka ya kuonja kwenyewe, na sisi wa Ukambani hatuwezi kuizungumzia kama mchezo wa maneno. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu walikula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Waliothibitishwa kuugua hadi katikati ya mwaka huo walikuwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo ulimi hauwezi kuipima, na kuchemsha muthokoi au kusonga ugali hakuiondoi. Mpishi aliyeonja chakula cha watoto wake kabla ya kuwapakulia, kama mpishi yeyote mwema, hakupata onyo lolote lenye kutegemewa. Wahenga walisema sumu haionjwi, na kwa kawaida tunaifasiri methali hiyo kuwa usijaribu jambo baya. Mwaka ule maana yake ya wazi iliturudia: sumu haionjwi kwa sababu ulimi haufai kuwa kipimo chake.

Nimelitaja hili kwa sababu linamkumbusha mwenye kuisifu hekima ya ulimi kwamba kuonja ni mwanzo wa ujuzi, si mwisho wake. Warumi walilijua hilo pia, ndiyo maana sapere haikubaki mdomoni. Ilipanda hadi kichwani, mahali ambapo mtu hupima hata kile ambacho kinywa kimekisifu. Siku hizi mkulima mwerevu hayaonji mahindi yake ili kujua kama ni salama. Huyakausha vizuri, huyahifadhi mahali pakavu na kuyapeleka yapimwe. Huyo ndiye sapiens, ingawa hajaonja chochote.

Sasa turudi kwenye daftari. 'Nilionja shule ya upili muhula mmoja, kisha sahani ikaondolewa mezani.' Tuupime mstari huu kwa mizigo mitatu. Udogo upo: muhula mmoja kati ya miaka minne. Ujuzi upo: ni mara ya kwanza, na ulimfunulia kitu ambacho hakukijua, ndiyo maana kukosa kwake kulimuuma. Nafsi ipo: yeye mwenyewe ndiye aliyekaa mezani. Isitoshe, sehemu ya pili inakamilisha ya kwanza. Aliyeanza na kuonja hakuhamia kwenye gari wala mto. Alibaki mezani na sahani yake. Sitiari imeshikamana mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo waandishi wengi wenye vitabu madukani hushindwa kulifanya. Zaidi ya hayo, angalia kitenzi kiondolewe: sahani 'ikaondolewa'. Hakusema nani aliyeiondoa. Hakumlaumu baba yake, wala mwalimu mkuu, wala serikali. Katika kauli hiyo ya kutendwa kuna adabu ya mtoto wa Kikamba ambaye anajua kwamba nyumbani hakukuwa na pesa na hataki kuliandika hilo.

Nilipofunua ukurasa uliofuata, nilipata kilichonifanya niandike makala haya. Msichana alikuwa ameandika kwamba siku aliyopata basari 'alitia guu mosi guu pili' hadi kwa shangazi yake, na kwamba 'machozi yalimtiririka njia mbilimbili'. Pale mwalimu aliweka alama mbili kubwa za vyema na neno "Hongera!"

Nani hayajui machozi hayo? Yametiririka katika kila insha niliyoisahihisha kwa miaka ishirini na ushei. Mwanafunzi aliyefiwa hulia njia mbilimbili, aliyeshinda tuzo hulia njia mbilimbili, na aliyekanyagwa na ng'ombe pia. Hakuna anayeyaona tena. Wanafunzi huyakariri kutoka vijitabu vya misemo na kuyatandaza kwenye karatasi ya Insha, 102/1, kama mtu anayemwaga viungo vyote vya jikoni kwenye sufuria moja. Kwa hivyo daftari lile lilimfundisha msichana somo moja lililo wazi: ulichokiona mwenyewe ukakitafutia neno ni kosa; ulichokikariri ni hongera.

Nilimtafuta mwalimu huyo. Ni kijana mstaarabu, tena anaipenda kazi yake, na sikwenda kumgombeza. Tulikaa mahali tukanywa chai. "Mzee wangu," akaniambia, "mimi nina madaftari zaidi ya hamsini kila darasa. Kila mmoja akianza kuonja shule na kutafuna hisabati, tutafika wapi? Na huko kwa mtihani, mtahini hana muda wa kuuliza huyu alimaanisha nini. Mimi namkinga."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Lugha ina mazoea yake, na mwanafunzi lazima ayajue: elimu hupatwa, cheti hutunukiwa, karo hulipwa. Mwanafunzi asiyejua mazoea hayo akasema 'alikula elimu' kwa kukosa msamiati, huyo amekosea na asahihishwe. Ugumu wa kazi ya mwalimu ni kutofautisha anayetoka nje ya mazoea kwa kutojua na anayetoka kwa makusudi. Wote wawili hufanana mtu akisoma mbiombio. Kwa hiyo nilimwomba ajiulize maswali matatu kabla kalamu nyekundu haijagusa karatasi. Je, kitu kinachosemwa ni kidogo au cha mara ya kwanza? Je, kuna jambo ambalo msemaji alilijua kwa sababu ya kukionja? Je, maneno yanayofuata yanaikubali picha hiyo au yanaikimbia? Majibu yakiwa ndiyo, aweke kalamu chini. Hayachukui nusu dakika.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ile sahani nilikuwa sijaiona." Nilimwamini. Mtu mwenye madaftari hamsini hukosa kuona sahani.

Siku chache baadaye msichana alipita nyumbani kuchukua daftari lake. Alikuwa tayari ameandika insha upya kama alivyoagizwa, kabla sijaonana na mwalimu. Nilimwomba anisomee ule mstari. Akasoma: "Nilipata elimu ya shule ya upili kwa muhula mmoja tu kutokana na ukosefu wa karo."

Hauna kosa. Upatanisho wa kisarufi uko sawa, nomino imepata kitenzi chake cha mazoea, na mtahini atapita hapo bila kusimama. Ni mstari dufu. Kile alichokijua yeye peke yake darasani, kwamba shule inaweza kuwekwa mbele yako ukaihisi ladha yake kisha ikachukuliwa, hakimo tena.

Nilimwambia aurudishe mstari wa kwanza. Alinitazama kama mtu anayeuliza maswali mawili kwa pamoja: kama nina hakika, na kama nitakuwepo siku ya kusahihisha. "Na mwalimu je?" akasema. Nikamwambia nimeshazungumza naye. Akaliweka daftari mkobani, akashukuru, akaenda. Kama aliurudisha au hakuurudisha, bado sijui.